Chapati ya fromaji: barabara tatu katika kikaango kimoja

Kila mkaaji wa Goma aliyewahi kupanda ndege kwenda Kinshasa anajua swali linalomngoja akifika: «Umetuletea fromaji?» Hawaulizi juu ya volkano wala juu ya ziwa. Wanauliza fromaji. Kule Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka hapa, wanaiita fromaji ya Goma, na mtu akibeba maboule mawili au matatu katika mfuko wake anapokelewa kama mgeni wa heshima.

Lakini katika mji wa Goma hakuna majani ya kulisha ng'ombe. Kuna mawe meusi ya volkano, nyumba za mbao na vumbi. Ile fromaji inashuka kutoka milima ya Masisi. Goma imeipa jina tu, kwa sababu ni hapa inapouzwa na ni hapa inapopakiwa. Sisi wenyewe tunaikata vipande na kuila na mkate, na ndizi mbivu, au tunaifunga ndani ya chapati pamoja na majani ya kitunguu na seleri, na kuipika kwenye kikaango hadi iyeyuke. Ni chakula cha haraka. Mama anaweza kuwasha makala saa kumi na mbili ya jioni, na kabla ya saa moja watoto wamekwisha kula.

Hiyo chapati ya fromaji ndiyo nataka tuizungumzie leo, lakini kwa njia ya historia. Vitu vitatu vilivyo ndani yake, yaani unga wa ngano, fromaji na majani ya bustani, vimepita katika barabara tatu mbalimbali kabla ya kukutana kwenye mbabula wetu. Ukizifuata barabara hizo moja moja, unaelewa vizuri historia ya mkoa wetu, na unaelewa pia kwa nini kuna siku fromaji inakosekana sokoni huku chapati ikiendelea kuuzwa.

Barabara ya kwanza: unga kutoka mashariki

Tuanze na chapati. Jina lake ni la Kihindi, na asili yake ni India na inchi jirani, ambako watu wanakanda unga wa ngano na maji na kuuchoma juu ya chuma cha moto. Faida yake kubwa ni moja: haiombi furu. Mkate wa Wazungu unaomba chachu, furu, kuni nyingi na saa nyingi za kungoja. Chapati inaomba kikaango, moto kidogo na mikono miwili.

Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wakifika Zanzibar na pwani ya Afrika ya Mashariki tangu zamani, kabla ya ukoloni. Huko Zanzibar chapati ina jina lingine pia, mkate wa kusukuma, kwa sababu unasukumwa kwa kijiti juu ya ubao. Kisha ikaja reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga njia ya reli kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria, na waliajiri wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab, mahali ambapo ngano ndiyo chakula cha kila siku. Wengi walirudi kwao baada ya kazi. Wengine walikufa. Maelfu walibaki, na wenzao wakafungua maduka katika miji midogo ya Kenya na Uganda. Unga, mafuta na chai viliuzwa katika maduka hayo, na chapati ikaanza kupikwa na Waafrika wenyewe kwa namna yao: mafuta mengi zaidi, na tabaka juu ya tabaka.

Sisi wa Kivu tulikuwa chini ya Wabelgiji, si chini ya Waingereza. Lakini biashara yetu imetazama mashariki siku zote. Hata lugha ninayoandika hapa ilifika Kongo kutoka upande huo, na misafara ya watu wa pwani waliokuja Maniema katika karne ya 19, wakati wa Tippu Tip. Baadaye wafanyabiashara wetu wakafuata bidhaa Kampala, Bujumbura, Kigali, hadi Mombasa na Dar es Salaam. Mtu anayekaa siku tatu njiani akingoja lori lake lipite mpakani anakula chapati na maharagwe, au chapati na mayai, ile ambayo Waganda wanaiita rolex. Akirudi kwake, tumbo lake limekwisha kuizoea. Ndivyo chapati ilivyovuka mpaka, bila sherehe.

Leo kule Birere kijana mmoja akiwa na meza, mbabula na kikaango anaweza kulisha wamotari wa kituo kizima. Unga wake bado unatoka mashariki. Kongo inalima ngano kidogo sana. Milima ya Lubero ina baridi ya kutosha na ngano ililimwa huko tangu wakati wa Wabelgiji, lakini haitoshi kulisha hata miji yetu ya Kivu. Mifuko tunayoona katika maduka ya Goma imepita Uganda au Rwanda, na ngano yenyewe mara nyingi imevuka bahari kabla ya kusagwa. Ndiyo maana vita vilipoanza Ukraine mwezi wa pili 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote. Mama anayeuza chapati hajawahi kuona Ukraine, lakini bei ya mfuko wake wa unga inasikia mambo ya huko.

Barabara ya pili: maziwa ya milimani

Fromaji ina historia ndefu zaidi na yenye maumivu.

Watu wa milima yetu walijua maziwa tangu zamani. Walikunywa maziwa mabichi, waligandisha maziwa kuwa mashanza, walitikisa kibuyu kupata siagi. Lakini fromaji ngumu, ile inayokaa majuma na miezi bila kuharibika, haikuwa desturi ya hapa.

Ili kuwe na fromaji lazima kwanza kuwe na malisho na ng'ombe wengi. Na hapo ndipo mambo ya ardhi yanapoingia. Wakati wa ukoloni Wabelgiji walichukua sehemu kubwa za milima ya Masisi na kuzifanya plantasio: chai, kahawa, pareto. Walihitaji wafanyakazi. Kati ya mwaka 1937 na 1955, kwa njia ya shirika lao lililoitwa MIB, yaani Mission d'immigration des Banyarwanda, walihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka Masisi, hasa upande wa Gishari. Ardhi hiyo ilikuwa chini ya machifu Wahunde. Wakaaji wa asili hawakuulizwa kweli, na wale waliohamishwa nao hawakuchagua sana. Magomvi ya ardhi tunayoyasikia hadi leo yana mizizi katika miaka hiyo.

Baada ya uhuru, plantasio zilibadilisha wenyewe. Mwezi wa saba 1973 sheria mpya ilisema ardhi yote ni mali ya serikali, na tarehe 30 Novemba ya mwaka huohuo Rais Mobutu alitangaza zaïrianisation: mashamba na maduka ya wageni yapewe Wazaire. Huko Masisi watu wenye feza na wenye urafiki na wakubwa walipata vilima vizima. Wengi wao waliona kwamba ng'ombe wanaomba wafanyakazi wachache kuliko chai. Chai ikang'olewa, majani yakapandwa. Milima ikawa kijani, na nyua zikaifunga. Wasafiri wakaanza kusema Masisi inafanana na Uswisi. Mkulima aliyekosa shamba la maharagwe kwa sababu ya nyua hizo hakuwa na nafasi ya kufurahia sura hiyo.

Ni katika milima hiyo mapadre Wabelgiji walipofundisha kutengeneza fromaji, na wengi wanataja miaka ya 1970. Wabelgiji walikuwa na desturi hiyo kwao. Wamonaki wa Mokoto, kwa mfano, ambao walifika Masisi mwaka 1954, walitumwa kutoka abasia ya Scourmont karibu na Chimay, Ubelgiji, nyumba inayojulikana kwa bia na fromaji tangu karne ya 19. Fromaji iliyoshika mizizi hapa ni ya namna ya Gouda, ambayo jina lake ni la mji mmoja wa Uholanzi: ya manjano kidogo, laini ikiwa changa, ngumu na yenye chumvi ikizeeka.

Kwa nini namna hiyo? Kwa sababu ya barabara. Maziwa mabichi hayangoji. Mfugaji wa mlimani akikamua asubuhi, na barabara ikawa matope, na lori likakwama, ifikapo jioni maziwa yamechachuka. Lakini ukichukua litro 10 hivi za maziwa, unapata kilo 1 hivi ya fromaji. Mzigo umepungua mara kumi, na hauharibiki upesi. Mtu anaweza kuubeba kichwani, kwenye moto, au kwenye chukudu. Fromaji ni maziwa yaliyovaa nguo za safari. Bila umeme, bila friji, baridi ya milima ya mita 2,000 inatosha kuitunza.

Kazi yenyewe inaomba usafi na uvumilivu zaidi kuliko mashine. Maziwa yanachujwa kwa kitambaa, yanapashwa moto wa kuni hadi yawe vuguvugu. Yanatiwa prezure, ile dawa ya kugandisha ambayo asili yake ni tumbo la ndama. Baada ya muda usiofika saa moja yameganda kama ugali mwororo. Yanakatwa kwa kisu vipande vidogo, maji yake yanamwagwa kidogokidogo, na maji ya moto yanaongezwa mahali pake. Hiyo ndiyo siri ya Gouda, inaipunguzia uchachu. Kisha yanawekwa katika kalibu na kukandamizwa kwa uzito, mara nyingine mawe tu. Boule likishikamana linatumbukizwa katika maji ya chumvi siku moja au mbili, halafu linapandishwa juu ya ubao, na kila siku lazima mtu aligeuze. Kila siku. Ukisahau, linaoza upande mmoja.

Nyumba hizo za kutengenezea fromaji tunaziita laiteri. Wavulana wa vijijini waliotumika humo walijifunza kazi, na walipotoka walianza za kwao, katika vijumba vya mbao vilivyo karibu na malisho. Hapo ndipo fromaji iliacha kuwa kitu cha mapadre na ikawa ya Wanamasisi. Kazi ilipita kutoka mkono hadi mkono, bila kitabu.

Miaka ambayo ng'ombe walikwisha

Mwaka 1993 vita vya kikabila viliwaka Walikale na Masisi. Mwezi wa saba 1994, baada ya mauaji ya kimbari Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kwa siku chache, na kati yao walikuwemo wanajeshi na Interahamwe waliofanya mauaji hayo. Kambi zilijaa, kipindupindu kikaua. Katika miaka iliyofuata makundi yenye silaha yalipanda Masisi na kuteka ng'ombe, kundi baada ya kundi. Nyama ikawa rahisi sokoni, na kila mtu aliyeinunua alijua, au angeweza kujua, inatoka wapi. Mwezi wa tano 1996 Mokoto ilishambuliwa. Watu waliokuwa wamekimbilia kwa wamonaki, wengi wao Watutsi, waliuawa humo, na wamonaki wenyewe wakalazimika kuondoka. Mwezi wa kumi wa mwaka huohuo vita vya AFDL vikaanza, na mwaka 1998 vingine.

Vilima vikabaki na majani bila ng'ombe. Unaweza kufikiri kwamba hapo historia ya fromaji ilipaswa kuishia. Mapadre waliondoka au walizeeka, mashine ziliibiwa, ng'ombe walikwisha. Lakini baada ya mwaka 2003, vita vikubwa vilipotulia, wenye mashamba walianza kununua ng'ombe tena, mmoja mmoja, na wale vijana wa zamani wa laiteri, sasa wababa wenye watoto, walirudi mlimani na kalibu na visu vyao. Hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha. Waliyojua yalikuwa katika mikono yao, na mikono haikuweza kutekwa kama ng'ombe. Fromaji ikarudi Goma, ikapanda ndege kwenda Kinshasa, ikavuka ziwa kwa boti kwenda Bukavu.

Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa katika historia hii yote. Watu wengi wanasimulia fromaji ya Goma kama zawadi ya Wazungu, basi. Ni kweli walileta ufundi. Lakini zawadi hiyo ilipotea pamoja na ng'ombe, na walioirudisha ni watu wa Masisi, wengi wao hawakumaliza hata shule ya msingi, na hakuna jina lao lililoandikwa juu ya boule lolote.

Tangu hapo mambo hayajanyooka. Katika mwezi wa pili 2024 mapigano yalifunga barabara karibu na Sake, mji mdogo ulio kilometa 25 hivi kutoka Goma, ambako njia ya Masisi na njia ya Minova zinakutana. Chakula cha milimani kikaadimika, bei zikapanda. Mwezi wa kwanza 2025 Masisi-centre, kisha Sake, kisha Goma yenyewe vilianguka mikononi mwa M23, na ndege za abiria zikaacha kutua katika uwanja wetu. Kwa mwenye laiteri maana yake ni hii: hata kama ng'ombe wapo na maziwa yapo, mteja wa Kinshasa hafikiwi kama zamani. Na njiani kila kizuizi kinaomba chake. Ukinunua kipande cha fromaji sokoni Virunga na kushangaa bei, jua kwamba ndani ya bei hiyo kuna vizuizi vingi kuliko ng'ombe.

Barabara ya tatu: majani ya bustani

Kitu cha tatu kinatoka karibu, na ndicho tunachokidharau. Ni majani ya kitunguu, seleri, persil, na kipande cha pilipili.

Mimea hii nayo ni ya wageni kwa asili. Lakini udongo wa volkano uliipokea vizuri. Kibumba, Rutshuru, na pande za Gisenyi ng'ambo ya mpaka, wamama wanalima mboga na kuzileta Goma kila asubuhi, wengine wakipita Petite Barrière na mzigo kichwani, wengine wakisindikiza chukudu. Na katika mji wenyewe, lava ya tarehe 17 Januari 2002 iliyofunika sehemu ya katikati ya Goma, baadaye hata ile ya Mei 2021, haikuwazuia watu. Utaona mama ametia udongo katika gunia la zamani au katika beseni lililotoboka, akaliweka juu ya mawe, na seleri inaota.

Katika barabara zote tatu, hii ndiyo fupi kuliko zote, na ndiyo inayofungwa mara chache. Unga ukipanda bei kwa sababu ya vita vya mbali, na fromaji ikikosekana kwa sababu ya vita vya karibu, bado kuna majani ya kutia ndani ya chapati. Wengi wetu tumekula hiyo chapati ya majani matupu, na tumejua kwa hiyo hali ya barabara ya Sake bila kusikiliza radio.

Namna ya kuipika

Watu wa milima mingine duniani nao walifikia wazo hili. Wageorgia wana khachapuri, ambayo jina lake linaunganisha maneno mawili ya lugha yao, moja la maziwa yaliyoganda na lingine la mkate. Waturuki wana gözleme, mkate mwembamba unaotiwa fromaji nyeupe na majani na kuchomwa juu ya chuma. Penye ng'ombe au kondoo, unga na kuni chache, watu wanafikiri sawasawa. Sisi tunafanya hivi.

Kwa chapati 6: chukua vikombe 3 vya unga wa ngano, kijiko kidogo 1 cha chumvi, vijiko vikubwa 2 vya mafuta, na kikombe 1 hivi cha maji ya vuguvugu. Tia maji kidogokidogo, kanda hadi unga uache kushika vidole. Ufunike kwa kitambaa, uuache upumzike dakika 20. Usiruke hatua hii. Unga usiopumzika unarudi nyuma kila unapousukuma, na baadaye unapasuka.

Wakati huo paruza gramu 200 hivi za fromaji. Changa ni bora kwa sababu inayeyuka vizuri. Ikiwa imezeeka na ni kavu, iparuze laini na uichanganye na kijiko cha maziwa. Kata majani ya kitunguu ya mkono mmoja, seleri kidogo na persil, ukauke maji yote, kwa sababu maji yatatoboa chapati. Changanya na fromaji, tia pilipili kama watoto hawali. Usitie chumvi. Boule lilikwisha kulala katika maji ya chumvi huko mlimani.

Gawa unga mara 6. Sukuma kila kidonge kifikie ukubwa wa sahani ndogo, weka fromaji katikati, kusanya kingo juu kama unavyofunga mfuko, bana vizuri. Geuza, upande uliofungwa uwe chini, kisha sukuma tena taratibu hadi uwe na unene wa kidole kidogo. Kikaango kiwe na moto wa wastani: makala mekundu yaliyoanza kushika majivu, si yale yanayowaka. Paka mafuta kidogo, weka chapati, funika. Baada ya dakika 3 geuza, paka mafuta, ngoja dakika 3 tena. Ikianza kufura katikati na kuwa na madoa ya kahawia, fromaji ndani imeyeyuka. Ile ya moto, kabla haijarudi kuwa ngumu.

Kwa kitu kinachopikwa dakika 6, ni kazi nyingi ya watu wengi: aliyevuna ngano mbali, dereva aliyelala mpakani, mchungaji aliyekamua kabla ya jua, mtu wa laiteri aliyegeuza boule kila siku, mama wa Kibumba na seleri yake.

Kabla hawajaondoka wote

Naandika haya kwa sababu moja. Wazee waliotumika katika laiteri za kwanza za Masisi sasa wana miaka 60, 70 na zaidi. Wengi walikimbia vijiji vyao, wako katika familia zilizowapokea, au walirudi na kukuta malisho matupu. Mwaka 1996 ufundi uliokolewa kwa sababu wenyewe walikuwa vijana na waliweza kungoja. Safari hii hawawezi kungoja miaka saba tena. Kijana wa Masisi aliyekulia kambini hajawahi kugeuza boule hata moja, na ng'ombe wakirudi kesho hajui aanzie wapi. Yale yasiyoandikwa, kama vile maziwa yawe na joto gani ukiyagusa kwa mkono, au boule linapaswa kutoa sauti gani ukiligonga, yatakwenda na wenye nayo.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na baba, babu au mjomba aliyetumika laiteri, keti naye. Muulize alianza mwaka gani, nani alimwonyesha kazi, alipata wapi prezure wakati wa vita, alificha wapi kalibu zake. Mrekodi kwa simu, hata kwa Kihunde au Kinyarwanda, lugha anayojisikia nayo. Sisi wa radio tuko tayari kupokea masimulizi hayo na kuyapitisha hewani. Na ukituma fromaji Kinshasa siku njia itakapofunguka, waambie kule kwamba inatoka Masisi.